Samaki wa mbao mwenye macho ya kioo ndani ya mkebe wa marehemu babu: alifikaje Mwanza?

1. Mjukuu wa Kirumba
Wakuu, salaam. Wiki iliyopita tuligawana vitu vya marehemu babu hapa Kirumba, nami nikapewa mkebe wa biskuti uliokaa uvunguni mwa kitanda chake tangu nikiwa mdogo. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa, vipande vya risasi za kuzamishia nyavu, mshipi uliooza, na samaki wa mbao mwenye urefu wa sentimita 11 hivi. Mgongo wake ni wa kijani na tumbo ni jeupe, magamba yamechorwa kwa ustadi ambao sijawahi kuuona kwenye chombo chochote cha uvuvi wa huku kwetu, macho ni ya kioo, chini ya kidevu kuna kibati kilichoinama, na tumboni zinaning'inia ndoano mbili za matawi matatu. Ya mkiani ni tofauti, kwa kuwa ni ndoano moja ya kawaida iliyofungwa kwa waya.

Babu alikuwa mvuvi wa nyavu, na baadaye akawa mpakuzi wa mizigo bandarini. Nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba alipewa samaki huyo na Mzungu mmoja katika miaka ya 1940 "ili avulie sangara". Naomba anayejua anieleze kitu hiki kilitengenezwa wapi na kilifikaje Mwanza. Pia naomba kujua nikisafishe kwa kutumia nini.

2. Fundi Mitumbwi
Pole kwa msiba, ndugu yangu. Mimi nachonga na kuunga mitumbwi Igombe kwa mwaka wa 22 sasa, na kwa maelezo yako naona hicho ni kitu kilichochongwa hapahapa ziwani. Wazee wetu walikuwa na mikono, na mtu aliyeweza kuchonga kasia lililonyooka hakushindwa kuchonga samaki. Angalia mahali rangi ilipobanduka utuambie mbao ni ya rangi gani, kwa sababu mvule haujifichi.

3. Kabati la Kale
Mjukuu, swali lako la pili ndilo la haraka, kwa hiyo naanza nalo. Usikisafishe kwa kitu chochote kwa sasa. Usitumie msasa, usitumie petroli, na usikiloweke kwenye maji ya sabuni. Chukua brashi laini ya rangi za maji, pangusa vumbi, kisha uache hapo. Nimekusanya vyambo bandia vya zamani, yaani samaki wa kutengenezwa kama huyu wanaofungwa kwenye mshipi ili kuvulia, kwa miaka 14 hapa Nyegezi, na vile vilivyoniuma zaidi ni vile vilivyofika mkononi mwangu vikiwa vimeng'arishwa, kwa maana rangi ya kiwandani ikishaondoka, historia yake yote imeondoka nayo.

Fundi, nakuheshimu, lakini macho ya kioo yananifanya nisite. Viwanda vya Marekani viliweka macho ya kioo kwenye samaki wa mbao tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mengi ya macho hayo yalitoka Ujerumani, yakiwa ya aina ileile iliyotumiwa na watu wanaokausha ndege na wanyama kwa ajili ya maonyesho. Baadaye viwanda vilihamia kwenye macho ya kupaka rangi, ambayo gharama yake ilikuwa ndogo.

Mjukuu, weka karatasi nyembamba juu ya kile kibati, usugue taratibu kwa penseli laini iliyolazwa ubavu, halafu utuambie kama kuna herufi.

4. Mama Dagaa
Naunga mkono onyo la Kabati la Kale. Kaka yangu alirithi kijiko cha shaba cha kuvulia, kile kinachozunguka majini na kumetameta, akakisugua kwa stilwaya na ndimu mpaka kikawaka kama sufuria mpya. Kilikuwa na maandishi ya duara ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyanakili, na sasa hayapo. Mpaka leo hatujui kilitoka nchi gani.

5. Mjukuu wa Kirumba
Nashukuru kwa onyo, maana nilikuwa nimeshanunua msasa. Fundi, mahali palipobanduka mbao ni nyeupe kuelekea manjano, na ni nyepesi sana.

Nimesugua penseli kama nilivyoelekezwa. Upande wa kushoto wa kibati umeliwa na kutu, lakini upande wa kulia zinaonekana herufi RETT IND, na chini yake tarakimu 9-7-20. Nikisoma kama tunavyoandika sisi, hiyo ni tarehe 9 Julai 1920. Kwa hiyo samaki huyu alitengenezwa babu akiwa bado hajazaliwa!

6. Karani wa Meli
Mjukuu, nakusahihisha kidogo. Kama IND ni Indiana, basi kitu hicho ni cha Marekani, na Wamarekani hutanguliza mwezi kabla ya siku. Hiyo ni tarehe 7 Septemba 1920. Nimehesabu kalenda ya mwaka huo ili nijiridhishe: 9 Julai ilikuwa Ijumaa, na 7 Septemba ilikuwa Jumanne. Tarehe ya namna hiyo kwenye bidhaa mara nyingi huwa ya hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi, na hataza za Marekani hutolewa siku ya Jumanne, kwa hiyo ile ya pili ndiyo inayokubali.

7. Kabati la Kale
Karani, ahsante, hilo la Jumanne limenifurahisha kuliko unavyodhani. Sasa mambo yanakaa sawa. RETT ni mwisho wa Garrett, mji mdogo wa Indiana ambako kampuni ya Creek Chub Bait ilikuwa na kiwanda chake. Kibati cha kidevuni kilichowekewa hataza ndicho kilichoipa kampuni hiyo sifa, kwa kuwa mshipi ukivutwa, maji hugonga kibati na samaki wa mbao huzama kidogo huku akiyumba kushoto na kulia kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Kwa urefu uliotaja na ndoano tatu, naelekea kuamini kwamba huyo ni Pikie, ambaye ndiye aliyeuzwa zaidi katika samaki wao wote.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba alitengenezwa mwaka 1920. Tarehe hiyo ni ya hataza, na muhuri uleule uliendelea kugongwa kwenye vibati kwa miaka mingi baadaye. Tunachoweza kusema ni kwamba hakutengenezwa kabla ya hapo.

Kuhusu magamba yaliyokushangaza, hayakuchorwa kwa mkono. Mafundi wa Garrett walimfunika samaki kwa kitambaa cha wavu, wakampulizia rangi juu yake, kisha wakauondoa wavu, na kila tundu likabaki kuwa gamba moja. Chukua kioo cha kukuzia utazame ubavu wake: utaona mistari ya wavu ikivutika kidogo pale kitambaa kilipopinda kufuata mwili. Mimi mwenyewe nilipoiona kwa mara ya kwanza nilikaa nayo dirishani mpaka jua likazama.

8. Mzee wa Nansio
Nawasalimu wote. Mimi sina elimu ya viwanda, ila najua ziwa. Masimulizi ya wazazi yasitupwe haraka. Kama babu alisema alipewa ili avulie sangara, basi alivulia sangara, kwa maana samaki mkubwa kama yule ndiye anayeweza kumfukuza samaki wa mbao. Sato hawezi, na dagaa ni chakula cha wengine.

9. Mwalimu Mstaafu
Shikamoo, Mzee wa Nansio. Nakubaliana nawe kuhusu sangara na samaki wa mbao, lakini miaka haikubali. Sangara hakuwa wa ziwa letu. Aliingizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, wakaongezwa wengine mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika Ghuba ya Mwanza alionekana kwa wingi mkubwa katika miaka ya 1980. Katika miaka ya 1940 hapakuwa na sangara wa kuvuliwa Mwanza, hata kwa chambo cha dhahabu.

Ziwa la wakati ule lilikuwa ziwa la ngege, ndugu wa sato, na furu, samaki wadogo wa asili. Nyavu za makila, zile zinazonasa samaki kwa mashavu, zililetwa mwaka 1905, na Michael Graham alipofanya uchunguzi wake wa uvuvi mwaka 1927 na 1928, wasiwasi mkubwa ulikuwa juu ya kupungua kwa ngege. Ngege hula mimea midogo mno inayoelea majini, kwa hiyo unaweza kumpitishia samaki wa mbao mbele ya pua siku nzima bila kugeuka. Anayeweza kugeuka ni kambare, na yule samaki mkubwa wa jamii ya Barbus ambaye Waingereza walimvua kwa mchezo pale Jinja, kwenye maporomoko ya Ripon, kabla bwawa la Owen Falls halijayafunika mwaka 1954.

Rai yangu ni kwamba samaki huyu wa mbao alikuja na meli kutoka Jinja mikononi mwa ofisa fulani. Babu alipewa katika miaka ya 1940, na neno "sangara" likaongezwa na watoto waliokua wakati ambapo kila samaki mkubwa alikuwa sangara.

10. Reli ya Kati
Mwalimu, hoja yako ni nzuri, ila mimi natazama upande mwingine wa ramani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo, mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Kigoma kuja Mwanza alipakia masanduku yake kwenye behewa na kuyapokea huku. Ziwa Tanganyika lina ndugu wa sangara waliokuwamo tangu enzi, na watu wa Kigoma huwaita sangala. Sasa sikieni maneno hayo mawili yakitamkwa na mtu mzima mbele ya watoto: "sangala" na "sangara". Yawezekana babu alisema kweli tupu, yaani kwamba Mzungu alikuwa akivulia sangala kule Kigoma, na sisi ndio tuliolisikia vibaya.

11. Mwalimu Mstaafu
Hilo la sangala sikulifikiria, na nakiri lina uzito.

12. Mtoto wa Duka
Niwaeleze niliyoyaona. Babu yangu mzaa baba alifungua duka la vifaa vya uvuvi katikati ya mji wa Mwanza, na mimi nimekulia nyuma ya kaunta hiyo. Ndoano zilikuja kwenye vijisanduku vya Mustad kutoka Norwei, nyuzi na nyavu zilikuja kwa marobota, na vitu vya Kiingereza kutoka Redditch, ule mji wa sindano na ndoano, vilikuwapo vichache kwa wateja maalumu. Samaki wa mbao wa Marekani sikumwona dukani wala kwenye vitabu vya hesabu vilivyobaki. Kwa mvuvi wa kawaida lisingekuwa jambo la maana kununua samaki mmoja wa mbao kwa bei ya ndoano mia.

Kwa hiyo hakununuliwa hapa. Aliletwa na mtu binafsi. Wala si lazima mtu huyo awe Mwingereza, maana misheni za Kanda ya Ziwa zilikuwa na Wamarekani pia, na kijana aliyekulia kwenye maziwa ya kwao angeweza kabisa kufungasha chambo chake pamoja na Biblia.

13. Kijana wa Pasiansi
Samahani kwa kuingilia. Naona wengi mmekwepa swali ambalo wengine tunalo moyoni: anauzwa kiasi gani?

14. Kabati la Kale
Si dhambi kuuliza. Bei hupangwa na rangi ya kiwandani kuwa nzima, rangi yenyewe kuwa adimu, na boksi la karatasi alilouziwa. Mwaka 2003 samaki mmoja wa shaba, Giant Haskell Minnow, mwenye hataza ya mwaka 1859 ya Riley Haskell wa Painesville, Ohio, aliuzwa mnadani kwa dola 101,200. Huyo ni adimu kupindukia. Pikie alitengenezwa kwa wingi mno, huyu wa Mjukuu hana boksi, na ndoano moja imebadilishwa, kwa hiyo mkusanyaji wa Marekani atampita bila kusimama. Mimi nisingempita. Kwangu ile ndoano iliyofungwa kwa waya ndiyo sehemu bora ya kitu chote, kwa sababu inatuambia kwamba babu hakumtunza kama pambo. Ndoano ya kiwandani ilipokatika, alitafuta nyingine akaendelea kuvua.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza chambo alichotumia George Perry tarehe 2 Juni 1932 kwenye Ziwa Montgomery, Georgia, alipovua samaki wa aina ya bass wa ratili 22 na aunsi 4, rekodi ambayo Wamarekani wanaiheshimu hadi leo. Ni chambo kipi hasa katika vyambo vya kampuni hiyo, bado wanabishana.

15. Mzee wa Nansio
Ratili 22 ni kilo 10, mwanangu. Huku Ukerewe sangara wa kilo 10 tunamwita mtoto na hatumwandikii kitabu!

16. Mkata Minofu
Nimesoma uzi wote nikakumbuka jambo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikata minofu kwenye kiwanda kimoja cha samaki, na siku moja kisu changu kikagonga kitu kigumu ndani ya taya la sangara. Kilikuwa samaki mdogo wa plastiki, ndoano ya nyuma imezama kwenye ufizi na nyama imeota juu yake, kibati cha kidevuni kimekatika, na kipande cha uzi bado kimefungwa puani. Tumboni kuna maandishi Rapala Shad Rap. Ninacho hadi leo kwenye dirisha la jikoni. Je, hicho nacho ni cha kale?

17. Kabati la Kale
Mkata Minofu, tafadhali usikitupe kamwe. Si cha kale sana, kwa kuwa Shad Rap ilianza kuuzwa mwaka 1982, lakini hadithi yake ni nzima kuliko ya vyangu vingi. Hakikisha tu kama kweli ni plastiki, kwa sababu Shad Rap ya asili ni ya mbao nyepesi ya balsa. Lauri Rapala wa Finland alichonga chambo chake cha kwanza mwaka 1936 kwa gamba la mti, akakivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti, kisha akakipaka negativu za picha zilizoyeyushwa badala ya vanishi. Huenda sangara wako alimkatia uzi mgeni mmoja wa kule Rubondo, ambako watu huja kurambaza, yaani kuvua kwa kuvuta mshipi nyuma ya boti, kwa vyambo vya namna hiyo.

Nawaomba nyote: msiweke vyambo vya kale kwenye kisanduku kimoja na minyoo laini ya plastiki ya siku hizi, kwa maana kemikali zake huyeyusha rangi na hata plastiki ngumu. Nilipoteza vitatu kwa kosa hilo.

18. Fundi Mitumbwi
Nimeshakubali kwamba hiyo si kazi ya Igombe, kwa kuwa mbao nyeupe na nyepesi namna hiyo hatunayo katika kazi zetu. Nina swali moja lililobaki. Je, mwili wake una alama za meno?

19. Mjukuu wa Kirumba
Alama zipo, nami nilidhani ni uzee. Tumboni kuna michubuko myembamba iliyopinda kama mwezi mwandamo, kando ya kila ndoano. Mgongoni, karibu na mkia, kuna vitundu vinne vilivyozama hadi kwenye mbao, na kijiti cha kiberiti kilichochongwa kinaingia kiasi cha milimita mbili.

20. Kabati la Kale
Ile michubuko ya mwezi mwandamo ni kazi ya ndoano zenyewe, ambazo hubembea na kukwaruza rangi kila chambo kinapovutwa. Vile vitundu ni habari nyingine.

21. Mkata Minofu
Nimetia mikono yangu kwenye vinywa vya sangara kwa miaka sita. Meno yake ni madogo mno na yamejaa kama brashi ya viatu. Yanakwaruza ngozi ya mkono, lakini hayatoboi mbao. Kambare naye ni hivyohivyo. Kilichotoboa hapo hakikuwa samaki wa kwetu.

22. Reli ya Kati
Basi nirudi kwenye bandiko langu namba 10 kwa nguvu mpya. Ziwa Tanganyika lina samaki wa jenasi Hydrocynus, jina ambalo kwa Kigiriki ni mbwa wa majini, mwenye meno marefu yanayoonekana hata mdomo ukiwa umefungwa. Ziwa Victoria halina samaki huyo. Samaki huyu wa mbao aliumwa Kigoma.

23. Mwalimu Mstaafu
Usifunge kesi bado. Hydrocynus yupo pia Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, mahali ambapo sangara wa asili alivuliwa kwa mchezo na Waingereza tangu kabla hajaletwa kwetu. Mtu aliyevua pale angekutana na samaki wote wawili, na meli zilizozunguka Kisumu, Entebbe, Bukoba, Mwanza na Musoma zingemleta hapa. Hoja yangu ya Jinja naiacha, lakini ya Uganda siiachi.

24. Mtoto wa Duka
Au ni plaizi. Mtu aliyeng'oa ndoano ya mkiani na kufunga nyingine kwa waya alihitaji kumshika samaki mahali fulani, na mahali pa kumshikia ni hapohapo karibu na mkia.

25. Fundi Mitumbwi
Plaizi naifahamu kila siku ya maisha yangu. Hubana pande mbili zinazotazamana, na meno yake huacha mistari iliyopangwa sawasawa. Mjukuu, mgeuze utazame upande wa pili wa mkia. Kama vitundu vya chini vimekaa mkabala na vya juu, ni plaizi.

26. Mjukuu wa Kirumba
Nimemgeuza chini ya taa. Upande wa chini kuna vitundu vitatu, viwili vipana na kimoja chembamba kilichoinama kuelekea kichwani, na hakuna hata kimoja kilichokaa mkabala na vya juu. Shangazi mkubwa aliyeko Kisesa ndiye pekee aliyebaki aliyewahi kumwona babu akiwa na kitu hiki majini. Jumamosi naenda kwake na mkebe wote.